Swali Ambalo Mbambu Hakuliuliza

Mbambu alikuwa mtu wa kuuliza. Kwa miaka tisa aliwakalimania watafiti wa anthropolojia kutoka chuo kikuu kilicho juu ya Wandegeya, Kampala, na kila aliyemaliza alimwachia mwenzake namba ya simu ya Mbambu. Digrii walikuwa nazo wao. Lakini nani apigiwe hodi, na nani asiulizwe habari za vita mbele ya mkwewe, alijua yeye. Mwishoni walimshukuru kwa mstari mmoja, tena jina wamelikosea. Hakulalamika, maana kazi yenyewe aliipenda.

Mwaka jana alifanya kazi na Nakhisa, Mkenya wa Bungoma, aliyekuwa akiandika tasnifu juu ya Wakongo waliokimbia vita bila kuwazika wafu wao. Nakhisa alikuwa msichana wa haki. Fomu ya ridhaa aliisoma mpaka nukta ya mwisho, hata kama mhojiwa amekwisha anza kupiga miayo, na kila mara alirudia kwamba mtu anaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu.

Hivyo ndivyo Victoire, muuza vitenge wa Kabalagala, alivyokubali kusema. Alimwamini Mbambu kwa kuwa wote wawili ni Wanande wa Beni, huko Kongo. Alieleza jinsi alivyopotezana na mumewe, Jean-Pierre, wakati wa kukimbia, akabaki na watoto wawili: Tresor mgongoni, na Gloire wa miezi mitano mikononi. Siku ya tatu homa ikamshika, hakuweza tena kuwabeba wote. Akamlaza Gloire juu ya majani ya mgomba, akamwimbia mpaka akanyamaza, akaenda. Mtoto alikuwa bado anapumua. Mumewe alipompata Kampala, Victoire alimwambia kwamba mtoto alimfia mikononi.

"Papa Tresor asijue," alisema. "Akijua, sina bwana tena."

Kisha akauimba ule wimbo, mistari minne tu. Mbambu alilia huku kinasa sauti kikiendelea.

Kazi ya kuwaficha wahojiwa katika maandishi ilikuwa ya Mbambu, na kwa kawaida aliifanya vizuri. Victoire akawa Mama B., vitenge vikawa samaki, watoto wawili wakawa watatu, na Beni ikawa mji usio na jina. Wimbo aliuacha kama ulivyo. Alikuwa ametumia siku mbili kuutafsiri, na machoni pake hakuwahi kufanya kazi nzuri kama hiyo. Nakhisa alipouliza kama unajulikana, alimjibu papo hapo kwamba ni wimbo wa kubembeleza watoto, wa huko kwao. Kusema kweli hakuwahi kuusikia popote. Angekuwa mgeni angemuuliza Victoire wimbo umetoka wapi. Mwenyeji huona haya kuuliza cha kwao, na haya hiyo ndiyo iliyomponza.

Tasnifu ilipokwisha, Nakhisa alitaka kuwarudishia watu matokeo, kama alivyofundishwa: si haki kuchukua maneno ya watu na kwenda zako. Jumapili baada ya ibada wakakusanyika katika ukumbi wa kanisa. Victoire alikaa nyuma, ametulia, kwa kuwa aliambiwa kila kitu kimefichwa. Jean-Pierre, ambaye ni shemasi, alikaa mstari wa mbele.

Mbambu alisoma ukurasa wa Mama B. Watu walitikisa vichwa kwa huruma, Jean-Pierre pia. Alipofika kwenye wimbo akausoma kwa Kinande, kama ulivyoimbwa. Mstari wa pili Jean-Pierre alikuwa akiufuata kwa midomo. Mstari wa tatu akasimama.

"Hii wimbo nilitunga mimi," alisema, kwa upole, kama anayesahihisha tangazo. "Nilimutungia Gloire, siku alizaliwa. Hakuna mutu mwingine anaijua."

Kisha akageuka, akaanza kumtafuta mke wake kwa macho katikati ya watu.

Hakumpiga wala hakumtukana. Alikwenda kukaa kwa kaka yake, mtaa wa Bukoto, na Tresor akamfuata. Baada ya wiki mbili Victoire alimjia Mbambu kule Wandegeya, kwenye duka la kuchapisha anakofanyia kazi zake, akaomba ukurasa wake utolewe. Fomu ilimruhusu. Nakhisa alilia kwenye simu, akauondoa siku hiyo hiyo.

Mbambu aliipeleka nakala mpya Kabalagala mwenyewe. Victoire aliweka kitenge chini, akafunua kurasa polepole, akitafuta kwa kidole. Mama B. hakuwemo tena.

"Mumetoa muzuri," alisema. "Na kwa Papa Tresor, mutaitoa namna gani?"

"Sijui, Mama Tresor," Mbambu alijibu. "Kosa ni langu. Nisamehe."

Victoire alimrudishia nakala yake, akamwomba asije tena.