Doa la Mafuta ya Nazi

Nimekifungua kitabu cha picha cha Kiingereza kuhusu mwigizaji mmoja mweusi wa zamani, nacho bado kinanukia mafuta ya nazi. Mama aliyapaka mikononi kila aliporudi nyumbani kwetu Annandale, huku ughaibuni, kutoka kibarua cha kumwogesha bibi mmoja wa Kizungu, kisha akanisomea. Mimi sikujua kusoma. Yeye nilidhani Kiingereza kinampiga chenga, maana alisimulia picha tu, kwa Kiswahili.

“Mbona amevaa aproni?” niliuliza.

“Anawapikia wageni wake, mwanangu. Hapo ni kwake.”

“Amepika nini?”

“Biriani. Tulia basi,” alisema, kidole kimekaa juu ya maandishi.

Biriani, eti! Leo nimeusoma ukurasa ule mwenyewe. Doa la kidole chake limefunika neno moja tu: mtumishi.