Stakabadhi za Baba Mkwe

Siku hizi mtu akishalipa kodi, karatasi anaitupa hata kabla hajafika nyumbani. Nikiona hivyo roho inaniuma, na wajukuu wananicheka. Wacheke tu. Mimi nimeishi katika nyumba ambayo karatasi za kodi zilining'inia juu ya jiko, ndani ya kibuyu chenye mfuniko wa ngozi, na mtoto aliyekigusa kibuyu kile alichapwa kwanza akaulizwa baadaye. Moshi ulizigeuza zikawa na rangi ya chai. Mama mkwe alisema mchwa hawali kitu kilichokolea moshi, na kweli hawakuzila.

Niliolewa karibu na Ilongero, wakati wa Mwingereza. Nilitoka misheni nikijua kusoma na kuandika, lakini kusonga ugali wa uwele sijui. Mama mkwe alionja ugali wangu wa kwanza, akatafuna taratibu, akasema, "Haya. Huu utatufaa kukandikia ukuta." Nikalia. Yeye akacheka mpaka akashika mbavu, halafu akanivuta karibu na jiko akanifundisha tangu mwanzo, maji, moto, mwiko, bila kuchoka. Nilimpenda kuanzia siku ile. Hata leo nikisikia harufu ya mlenda unaochemka, machozi yanakuja yenyewe.

Tuliishi wawili tu. Mume wangu alikuwa amekwenda manamba, kukata mkonge huko Tanga, na baba mkwe alikufa kabla sijafika, sikuwahi kumwona. Nyumba yetu ilikuwa tembe waliyoijenga yeye na mama mkwe kwa mikono yao: kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo, ng'ombe wakilala upande mmoja na sisi upande mwingine. Juu ya paa lile tulianika mtama na mboga, na jioni tulipanda kukaa, tukiwateta wapita njia. Mama mkwe alikuwa na ulimi huyo! Mwanamume akipita na kofia mpya, alisema, "Kofia imefika, kichwa kiko nyuma kinakuja." Sijaona tena raha kama ile.

Sasa, alikuwepo baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba mkwe. Alikaa ng'ambo ya bonde na mke wake. Kaka yake alipokufa alitaka kumrithi mjane, kama ilivyokuwa desturi. Mama mkwe alikataa mbele ya ukoo mzima. "Nimezaa, nimelea, nimezika," alisema. "Sasa nirithiwe kama jembe?" Baba mdogo akaondoka akitabasamu, na mtu anayetabasamu akikataliwa ni wa kuogopwa.

Mwaka wangu wa pili pale, jumbe alipita na karani mgeni kuandika nyumba za kodi. Hesabu ilikwenda kwa nyumba: mwenye mke mmoja na nyumba moja aliandikiwa moja, mwenye mbili aliandikiwa mbili. Walipofika kwetu, sisi tulikuwa shamba la mbali, tunapalilia. Waliyemkuta mlangoni ni baba mdogo. Niliambiwa na jirani kisimani, siku ya pili yake. "Hongera," aliniambia yule mama, huku anakwepa macho yangu. "Nasikia mkweo ameolewa."

Nilikwenda kwa jumbe moja kwa moja, ndoo bado kichwani. Jumbe alikuwa mtu mzuri lakini mwoga wa karatasi. Akaniambia ni kweli, imeandikwa: baba mdogo, nyumba mbili, wake wawili. Ya pili ndiyo tembe yetu.

"Lakini jumbe, si unajua mama mkwe alikataa?"

"Mimi najua, mwanangu. Daftari halijui."

Pengine mtu wa leo ataona jambo dogo. Si mtu amejitolea kukulipia kodi? Mwache alipe! La hasha. Kwetu aliyelipia nyumba ndiye mwenye nyumba. Mwaka wa kwanza anakulipia, mwaka wa pili anakuja na kigoda chake anakaa mlangoni, mwaka wa tatu anakuuliza ng'ombe wake wako wapi. Daftari lile lingebaki vile, mama mkwe angekuwa ameozwa na serikali, na tembe na shamba na ng'ombe vingevuka bonde. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilipomweleza hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Aliendelea kupembua mtama mpaka ungo ukaisha. Kisha akauliza, "Bwana Shauri anakuja lini?" Bwana Shauri ndiye mzungu wa wilaya, aliyekuwa akizunguka kusikiliza malalamiko ya kodi, na jumbe alikuwa ameniambia kwamba atakuja baada ya mavuno, na mwenye neno alete stakabadhi zake. "Basi shusha kibuyu," akasema.

Tulipanda nazo juu ya paa asubuhi, tukazipanga moja moja kwenye ngozi ya ng'ombe, kila moja na kokoto juu yake ili upepo usichukue. Zilikuwepo hata za Mjerumani. Mama mkwe alikuwa hajui kusoma hata herufi moja, lakini alijua kila karatasi ililipwa vipi: hii kwa mbuzi mweusi, hii kwa asali, hii mwaka wa njaa ambao marehemu alikwenda kubeba mizigo akarudi miguu imevimba. Alizigusa kwa ncha ya kidole. Nilikuwa namjua baba mkwe kwa mara ya kwanza, na nilisikitika kwamba nilichelewa.

Shida ilikuwa moja. Kila stakabadhi juu iliandikwa jina lake, na kwetu mke wa mtoto hatamki jina la baba mkwe, awe hai awe kaburini. Ni kumvua nguo mbele za watu. Kwa hiyo nilisoma hivi: "Baba, mwaka huu, nyumba moja. Baba, mwaka huu, nyumba moja." Tukaenda vizuri mpaka nikafika mahali nikasoma, "Baba, nyumba mbili."

"Soma tena."

"Nyumba mbili, mama. Na hii mbili. Na hii."

Loo! Mama mkwe alisimama juu ya paa kama amekanyaga kaa la moto. "Mbili? Ya pili ya nani? Mimi nilikuwa peke yangu! Mwanamume yule alinificha mke!" Akaanza kumgombeza marehemu kwa sauti, akamtajia mbuzi, akamtajia miguu aliyomkanda kwa maji ya moto, akamwambia kama ana haya ainuke huko aliko aje ajibu. Majirani walitoka kuangalia. Nami nilishindwa nimshike au nicheke.

Halafu akajikatiza katikati ya neno. "Miaka hiyo," akaniuliza polepole, "ni baada ya njaa au kabla?" Nikamwambia baada, kwa jinsi alivyozipanga. Akakaa chini, akaanza kucheka, akacheka mpaka akalala chali juu ya paa kati ya mboga zilizoanikwa. Miaka ile, aliniambia akifuta machozi, baba mdogo alikuwa Itigi akifanya kazi ya reli. Alimwacha mkewe ng'ambo ya bonde, na nyumba yake ililipiwa kodi na kaka yake, mwaka hadi mwaka, mpaka alipoamua kurudi. Marehemu hakuwahi kumdai wala kumsema.

"Nisamehe, mume wangu," akasema akiangalia angani. "Nimekutukana bure."

Mavuno yakaisha, Bwana Shauri akaja. Tulitembea alfajiri mpaka barazani, kibuyu kwapani mwa mama mkwe. Wa kwanza kukutana naye alikuwa baba mdogo, kavaa koti. Na mimi, ambaye usiku kucha nilikuwa nimemtukana kimoyomoyo, nilipiga magoti mavumbini nikasema, "Shikamoo, baba mdogo." Ndivyo tulivyolelewa. Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," sauti tamu kama asali, nami nikainuka na hasira yangu.

Ilipofika zamu yetu, baba mdogo alisema kwa unyenyekevu kwamba anamsaidia mjane wa kaka yake, na kwamba tangu mababu anayelipia nyumba ndiye mwenye nyumba. Bwana Shauri, kijana aliyebabuka pua kwa jua, akamwangalia jumbe. Jumbe akakubali kwamba ndiyo desturi. Mama mkwe hakubisha. Akafungua kibuyu, akatoa stakabadhi.

Karani alizipokea. Akasoma moja, jina na mwaka, nyumba moja. Akasoma ya pili. Alipofika kwenye zile tatu za nyumba mbili akasoma jina na mwaka tu, akaziweka chini upesi. Nilikuwa nimesimama nyuma nikimwona. Alikuwa amelala kwa baba mdogo siku mbili na kula kuku wake, kila mtu alijua.

"Karani hajamaliza," nikasema.

Baraza lote likageuka. Bwana Shauri akauliza kama ninajua kusoma. Nikasema ninajua. "Basi soma wewe," akasema, "yote, kuanzia juu."

Kuanzia juu palikuwa na jina.

Nikaishika karatasi ile, macho yameganda pale. Watu wakaanza kunong'ona. Baba mdogo aliona nilipokwama, akasema kwa sauti, "Mkwe gani huyo atakayetamka jina la mkwewe hadharani? Ndiyo mliyofundishwa misheni?" Nilitamani ardhi inimeze. Kama ningelitamka, wangenisema maisha yangu yote kisimani. Na kama nisingelitamka, karani angezirudisha karatasi kibuyuni na tembe ingevuka bonde.

Mama mkwe akaja akasimama mbele yangu, karibu sana, kama tuko wawili tu. "Soma, mwanangu," akasema. "Mwenye jina ananisikia. Mbuzi wa kumtuliza nitamchinja mimi."

Nikasoma. Jina lake lote, nyumba mbili. Ya pili, jina lake lote, nyumba mbili. Ya tatu hivyo hivyo. Sauti yangu ilikuwa ya kilio lakini ilifika mwisho wa baraza.

"Nyumba ya pili ilikuwa ya nani?" akauliza Bwana Shauri.

Kisha jumbe, Mungu amrehemu, akapata moyo. "Ya huyu hapa, bwana. Alipokuwa Itigi."

Mama mkwe akamgeukia baba mdogo kwa adabu kabisa. "Shemeji, si umesema anayelipa ndiye mwenyewe? Basi niambie, nikuhamie lini?"

Ala! Baraza lilicheka mpaka wazee wakapaliwa na ugoro. Hata mke wa baba mdogo alijifunika uso kwa kanga mabega yakiruka. Baba mdogo akasema labda palitokea makosa kidogo katika kuandika, akavua koti akalikunja mkononi, maana jua lilikuwa kali ghafla. Bwana Shauri akaamuru nyumba ile ifutwe kwake, na karani akafuta.

Tungeweza kwenda nyumbani hapo. Bwana Shauri alisema mjane mzee hatozwi kodi, amesamehewa, hakuna la kuandika zaidi. Nikashusha pumzi. Mama mkwe hakuondoka.

"Bwana, nimesikia umenisamehe," akasema. "Na wewe ukihamishwa, akaja mwingine, msamaha wangu atauona wapi? Mali bila daftari hupotea bila habari. Niandikie."

Karani akasema hapana haja. Mama mkwe akaketi chini, akanyoosha miguu mbele ya meza, akakiweka kibuyu mapajani. Hapo kila mtu akaelewa kwamba hatoki. Bwana Shauri alicheka kidogo, akaagiza aandikiwe hati ya msamaha, pamoja na nyumba na mahali ilipo.

"Jina?" akauliza karani.

"Mjane wa marehemu," akasema jumbe akimsaidia.

"Hilo si jina langu," mama mkwe akasema. Akalitaja lake. Mimi nilikuwa nimekaa naye zaidi ya mwaka, nimekula naye chungu kimoja, na sikuwa nimelisikia. Wote walimwita kwa jina la mwanawe. Sitaliandika hapa, nalo vilevile si langu kulitaja.

Karani akaandika, akapiga muhuri. Mama mkwe akaipokea karatasi, akaigeuza huku na huku, akanipa. "Hebu soma. Asije akawa ameandika la shemeji."

Nikamtazama. Alijua nilichokuwa nakitazama. Akatikisa kichwa kunikubalia, na nikaona midomo yake inatetemeka, yeye ambaye hakutetemeka mbele ya mzungu wala ukoo. Nikalisoma jina lake kwa sauti.

"Abee," akaitika.

Aliitika kama msichana anayeitwa na mama yake kutoka nyuma ya nyumba. Tangu mama yake afe, aliniambia baadaye, hakuna aliyemwita hivyo. Wakati ule sikulijua hilo. Niliona tu mwanamke mzima amesimama juani, macho yamejaa, anangoja. Nikalisoma tena, bila kuombwa, na akaitika tena.