Mama Brian na Mzuka Wake

Leo nimepinduliwa ndani ya gari ninaloendesha mwenyewe!

Mwaka wa pili huu nawapeleka shule watoto wa Wakenya wa mtaa wa Najma, na kila asubuhi nawapigia hadithi za mizuka. Dereva gani mwingine Doha anaweza?

Leo Mama Brian, nesi ambaye mwanawe hupanda gari langu, kapanda nasi na kitabu cha mizuka. Nikaanza yangu.

Brian akanikatiza: "Anko Juma, nyamaza, mama anasoma!"

Mimi?

Nikanuna mpaka shingo ikauma. Lakini mzuka wa kitabu chake alikuwa anabisha mlango wa mtoto aliye peke yake, nami masikio yote huko.

"Juma, mbona umepita geti la shule?" Mama Brian akaacha kusoma.

"Jam, mama." Na barabara tupu! "Haya soma, mtoto alifungua ama hakufungua?"

Marafiki, nitumieni mzuka mkali kumshinda huyo. Watoto wangu wanaibwa hivi hivi naona!