Sauti ya Bibi wa Rondo

Juzi nilikuwa dukani kwa mzee mmoja wa Lindi, muuza mabati aliyewafungulia vijana studio ya katuni kwa fedha zake. Mnunuzi wao wa kwanza, mtu wa Dar, alikuwa ameegemea kaunta, akitazama katuni yao kwenye kompyuta.

“Filamu naichukua, mzee. Ila hiyo sauti ya bibi wa Rondo muibadilishe. Ni ya kishamba mno.”

Bibi mwenyewe, mwanakijiji wa Rondo aliyeigiza sauti hiyo na sasa amekaa kwenye benchi, akakunja ncha ya kanga. “Kama naharibu, wanangu, nitoeni tu.”

Mzee akafunga kompyuta. “Mgeni, mimi nauza mabati. Bibi simuuzi.”

Jamaa akaondoka, studio ikabaki bila mnunuzi. Mimi bado nachemka. Kwenye katuni paka anaongea, punda anaongea, hakuna anayelalamika. Aongee bibi yetu, ndiyo imekuwa ushamba?