Kikapu cha Maganda ya Konokono

Duka la chakula cha kuku pale Mirongo linanuka maganda ya konokono yaliyosagwa, harufu ya tope la ziwa lililokaukia juani. Nikiingia tu, niko tena Kamanga, ng'ambo ya ziwa, kwenye shamba la bibi kule kilimani.

Mtafiti wa mambo ya kale alikuwa amechimba shimo katikati ya mihogo, akitaka kujua ziwa lilikuwa linafika wapi hapo zamani. Watoto tulikatazwa kulisogelea. Lakini bibi alinituma ziwani kuokota maganda ya kuwapondea kuku, na njia ya mkato ilipita palepale. Niliteleza, kikapu kikamwagikia shimoni. Nikashuka, nikaokota niliyoweza. Yaliyobaki nikayasindilia udongoni kwa kisigino.

Kesho yake mtafiti alipiga kelele za furaha. "Bibi, shikamoo! Njoo uone! Maji yalifika mpaka hapa!" Akaninyanyua juu, shati lake likinuka tope lile lile. Bibi, aliyenigombeza jana yake kwa kuleta kikapu nusu, alinitazama mimi, akatazama shimo, akarudi kwa kuku wake.

Juzi binti yangu alirudi kutoka chuo kikuu macho yakimng'aa. "Mama, kumbe ziwa lilifika mpaka kilimani kwenu! Wasomi wote wanamfuata mtafiti aliyechimba huko. Hata mimi utafiti wangu nimeanzia kwenye konokono wake. Ulimwona akichimba?"

"Nilikuwa mdogo, mwanangu," nikasema, nikainuka kwenda kuwapa kuku chakula.