Samadi Iliyoogelea

Bonde zima la Ruvuma, upande wetu, mtu wa kwanza kutia samadi kwenye mpunga ni mimi. Wapo watakaobisha; waache wabishe, nyumba zao bado za makuti.

Miaka ile ya hamsini nilimtaka binti mmoja. Mjomba wake, ndiye mwenye kauli kwao, akaniambia, "Maneno unayo, baba. Sisi tunataka mpunga. Ubwabwa wa harusi utoke kwenye jaruba lako, si dukani. Ukishindwa, yuko mtu wa Nanyamba mwenye mikorosho, anasubiri."

Jaruba walinipa wao: tope la magotini, limechoka, limepakana na la mama wa binti, lake likiwa chini kidogo. Nikabeba kichwani mavi ya mbuzi, pumba na matumbo ya samaki kutoka pwani, nikavirundika vikaoza. Nilinuka! Naoga mara tatu, na bado msikitini safu inaachwa wazi kulia na kushoto kwangu.

"Mwanangu, unafuga fisi?" mama wa binti aliuliza, pua ndani ya kanga.

"Subiri, mama. Samadi hii itakushangaza."

Wazee walisema ichimbiwe chini, na tuta liinuliwe. Mimi ni wa kufundishwa? Nikaimwaga juu juu, nikaenda kujisifu barazani. Siku ya tatu mvua za bara zikaujaza mto, maji yakapanda, samadi ikaogelea. Nakwambia, mavi ya mbuzi yakikauka ni mitumbwi! Yakavuka tuta, safari kwa mama mkwe. Nikaingia na tenga, maji kifuani, navua. Nikiinua, maji yanatoka, mavi yanatoka. Binti alikuwa juu ya tuta, kashika mbavu.

"Kaka, kambale wapo leo?"

Mavuno yalipofika, langu lilitoa mpunga wa kuku. La mama, masuke yameinama kama watu wanaorukuu. Mjomba akatazama kwangu, akasonya.

"Nanyamba," alisema, basi.

"Ngoja, kaka yangu," mama wa binti akamkatiza. "Kijana huyu kabeba uvundo ule, kachekwa mji mzima, halafu kaacha lake akalisha langu. Kwenye tope langu nimeiona samadi yake, tele! Alisema atanishangaza. Huyo wa Nanyamba kaniletea nini?"

"Na ubwabwa?"

"Utatoka kwangu. Samadi si yake?"

Nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu. Binti alikuwa anatafuna ncha ya kanga asicheke.

Mama mkwe ametangulia mbele ya haki bila kujua, ndiyo maana naandika. Leo nina nyumba ya bati Likombe na majaruba sita, matuta yake yanafika kiunoni. Wageni wakija nawasimulia ukarimu wangu kwa mama mkwe. Nikifika hapo mke wangu huinuka taratibu, huleta tenga moja kuukuu, huliweka miguuni pangu.

Nami huuliza kama chai iko tayari.