Anayefuta Maswali ya Mtaa Mzima

Saa mbili asubuhi, na Mama Mtandao ameshakasirika. Mteja wa kwanza ameondoka bila kufuta alichotafuta. Mama anainamia kompyuta ya dirishani, anabonyeza herufi moja, na kisanduku cha kutafutia kinamwaga siri yote: jinsi ya kujua kama mkwe hakupendi.

"Si amuulize tu huyo mkwe?" anasema huku akifuta. "Wanaishi nyumba moja."

Ndiyo kazi yake kwa miaka kumi na saba: kukodisha kompyuta, kuchapa barua na kufuta nyayo za wateja. Jina alibandikwa na majirani, likamganda. Ukutani naye amebandika sharti lake: kinachotafutwa hapa hakisomwi, hakisemwi.

Anakiri kwamba sehemu ya kwanza ni uongo. "Nina macho, nifanyeje?" anamwambia mwandishi wa makala haya. "Wewe andika, majina tu usiweke."

Alipoanza alikuwa na kompyuta kumi na foleni hadi barazani. "Watu walitafuta kwa sauti," anakumbuka. "Vijana sita mashine moja, wanataka maneno ya wimbo. Mmoja anaandika, wengine wanaimba. Hakuna aliyejificha."

Kisha ukaja mwaka wa kware, kila mtu akitaka kuwafuga atajirike. Mtaa mzima ulitafuta bei ya mayai ya kware, banda la kware, magonjwa ya kware. Mwaka uliofuata wakatafuta pa kuwauza. Baadaye zikaja nguo za harusi, mikopo ya haraka na dawa za kupunguza tumbo.

Siku hizi kila mtu ana simu, na kompyuta zimebaki nne. Wanaokuja ni wale ambao simu zao hupekuliwa nyumbani. Wanaziba kioo kwa bega na kuuliza kile walichoshindwa kumuuliza mtu: jinsi ya kutoa pole msibani, jinsi ya kumkatalia baba.

"Zamani waliuliza habari za dunia. Sasa wanauliza habari za sebuleni kwao," anasema. "Wananichosha, mwandishi. Wananichosha kweli."

Lakini anayemchosha kuliko wote yuko nyumbani kwake. Wiki chache zilizopita mumewe, fundi seremala, alimshikia duka alipokwenda kununua wino. Aliporudi akabonyeza herufi moja, kama kawaida yake. Ikatokea: jinsi ya kumwomba mke msamaha.

"Msamaha wa nini?" Anamkodolea macho mwandishi kana kwamba ndiye mume. "Mashine haikusema. Tangu siku hiyo anaosha vyombo, anasifia nguo zangu, neno hatoi. Roho yangu iko juu juu. Kuna mwanamke? Kuna mtoto? Nikimuuliza, atajua nasoma, na sharti nimelibandika mwenyewe."

Alichofanya ni kusoma majibu yote aliyofungua mumewe. Ameyakariri.

Jioni, akiwa anazima mashine, fundi mwenyewe anaingia na vumbi la mbao kwenye nyusi. Anasalimia. Anamtazama mwandishi, anaona haondoki, anajikaza.

"Mama Watoto," anaanza, kwa sauti ya mtangazaji wa redio, "natambua kwamba matendo yangu yameumiza hisia zako..."

"Hilo ni jibu la kwanza," mkewe anamkatiza. "La pili linaanza na maua. Nimechoka, Baba Watoto. Niambie kwa mdomo wako."

Fundi anakalia kiti cha mteja.

"Ile meza ya cherehani ya marehemu mama yako," anasema. "Niliichukua nitengeneze miguu. Mbao zikaniishia, mteja ananisukuma. Nikaikata. Ule ubao wa juu ndio mlango wa kabati la mwalimu wa chekechea."

Mama Mtandao analia, na ni kilio cha hasira. 

"Umeupaka rangi?" anauliza mwishowe.

"Hapana. Vanishi tu."

"Ile alama ya pasi, aliyounguza mama?"

"Ipo. Nilishika randa niiondoe, mkono ukakataa."

Mama Mtandao anajifuta uso kwa upande wa khanga, anazima kompyuta ya mwisho. Kesho, anasema, duka litachelewa kufunguliwa. Watakwenda wote wawili kwa mwalimu, fundi akiwa na mlango mpya, waubadilishe na ule wa kabati.

"Huo ubao wa mama nataka niushike kwa mikono yangu," anamwambia. "Hapo ndipo utaniomba msamaha, na mimi nitakusikiliza."